Je, Wajua? Kachelewa, Lakini Bado Yumo

Je, wajua kwamba katika softiboli mchezaji anayefika uwanjani mechi ikiwa imeshaanza anaweza kuingizwa kucheza siku hiyohiyo, hata kama jina lake halikuwamo kwenye karatasi ambayo kocha alimkabidhi mwamuzi? Kwa aliyekulia kwenye soka hili ni jambo geni. Sheria ya 3 ya soka inataka majina ya wachezaji wa akiba yafike kwa mwamuzi kabla mechi haijaanza, na asiyetajwa kufikia wakati huo hachezi. Softiboli ya Marekani imekwenda njia nyingine. Kitabu cha kanuni cha USA Softball, chama kinachosimamia mchezo huo nchini humo, kinaruhusu mchezaji aliyesajiliwa na timu aongezwe kwenye orodha ya akiba wakati wowote mechi ikiendelea.

Usajili ndio ufunguo. Aliyesajiliwa kihalali akakwama njiani hufunguliwa mlango. Jirani aliyekuja kutazama tu hafunguliwi, hata timu ikiwa na upungufu.

Je, wajua kwamba mpira wa kikapu umesimama katikati ya michezo hiyo miwili? Kwa kanuni za FIBA, kocha hupeleka majina angalau dakika 40 kabla ya mechi. Mwenye jina kwenye karatasi anaruhusiwa kucheza hata akifika mechi ikiwa imeanza. Asiye na jina hukaa na watazamaji.

Na katika mpira wa pete, ambao wasomaji wengi wa safu hii wameucheza shuleni, timu inaweza kuanza na wachezaji 5 badala ya 7, mradi mmoja wao awe senta. Anayechelewa hakimbilii ndani anavyotaka, bali husubiri goli lifungwe, kipindi kiishe au mchezo usimame kwa majeruhi.

Je, wajua kwa nini mchelewaji wa softiboli huwaumiza vichwa waamuzi kuliko mchelewaji wa soka? Sababu ni zamu ya kupiga. Mshambuliaji wa soka akichelewa, timu hupungua mtu mmoja uwanjani, basi. Kwenye softiboli kila mchezaji ana namba yake kwenye foleni ya wapigaji: wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, kisha foleni huanza upya. Foleni hiyo haipanguliwi mechi nzima. Auti tatu zikikamilika, yaani watu watatu wa timu inayopiga wakishatolewa, timu hubadilishana kupiga na kulinda, na awamu inayofuata huendelea pale foleni ilipokomea. Kwa hiyo aliyechelewa anaacha pengo ndani ya foleni, na pengo hilo litarudi tena na tena kila foleni inapozunguka. Swali ambalo kanuni inapaswa kulijibu ni nani alibebe pengo hilo, na kwa bei gani.

Je, wajua bei yake? Kwa USA Softball, timu inaruhusiwa kuanza mechi ikiwa pungufu ya mtu mmoja. Katika softiboli ya kasi, ambayo kwa kawaida huchezwa na watu 9, wanaweza kuanza 8. Katika ile ya taratibu, yenye watu 10, wanaweza kuanza 9. Lakini nafasi tupu lazima iandikwe mwishoni kabisa mwa foleni ya wapigaji, na kila zamu ya nafasi hiyo inapofika mwamuzi hutangaza auti. Hakuna mpira uliorushwa wala mtu aliyesimama kupiga, ila auti imehesabiwa.

Tupige hesabu kidogo. Mechi ya softiboli ina awamu 7, na kila awamu ina auti 3, kwa hiyo timu ina auti 21 za kutumia mpaka mwisho. Foleni ikizunguka mara tatu, nafasi tupu imekula auti tatu. Hiyo ni awamu nzima ya kupiga iliyopotea kwa sababu mtu mmoja hakufika. Na haishii hapo: wakati wa kulinda, mbali huko nyuma ya uwanja wanabaki wawili badala ya watatu, na mpira wowote utakaopita katikati yao unatoa nafasi ya kukimbia besi, yaani vituo vya uwanjani, mbili au tatu.

Je, wajua kwamba mchelewaji huyo akitokea, kocha hana hiari ya kumweka pembeni? Kanuni ya USA Softball inataka aingizwe mara moja kwenye ile nafasi tupu, na timu isipofanya hivyo inapoteza mechi. Ukali huu una mantiki nzuri. Bila ya hapo, kocha mjanja angemwambia mchezaji wake mwenye mkono mzito akae kwenye gari, nafasi tupu ile auti moja au mbili zisizo na madhara, kisha amtoe besi zikiwa zimejaa wakimbiaji. Kanuni imeziba mwanya huo kabisa: umefika, unacheza.

Zamu iliyopita wakati hayupo haidaiwi. Ikiwa auti ya nafasi yake imetangazwa naye anaonekana getini akifunga kamba za viatu, atasubiri foleni izunguke tena. Lakini kulinda anaweza kuanza mapema zaidi, mara tu mwamuzi atakapoandikisha jina lake.

Je, wajua kwamba nafasi tupu inaweza kuleta utata hata kwenye muda wa nyongeza? Softiboli ya kasi ina utaratibu wa kuvunja sare: kila timu huanza awamu ya ziada ikiwa na mkimbiaji besi ya pili, naye ni yule ambaye katika foleni angepiga mwisho kwenye awamu hiyo. Sasa je, zamu hiyo ikimwangukia asiyekuwepo? Waandishi wa kanuni walilifikiria hilo: anawekwa aliyetangulia jina lake katika foleni. Ligi Kuu ya besiboli Marekani ilikuja kuuiga utaratibu wa mkimbiaji wa besi ya pili mwaka 2020, softiboli ikiwa imeuzoea kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba shule za sekondari za Marekani, zinazofuata kitabu cha shirikisho lao la NFHS, zina msimamo mwingine? Huko lazima uanze na wachezaji 9. Baada ya mechi kuanza, unaweza kuendelea na hata kumaliza ukiwa na 8. Maana yake, mchelewaji wa tisa katika mechi ya shule anaweza kuzuia mechi nzima isianze, ilhali huyohuyo akiumia dakika tano baada ya kuanza, mechi inaendelea. Kwa maoni yangu USA Softball wamewatendea haki zaidi wale wanane waliofika mapema.

Je, wajua ni wapi mchelewaji anapokelewa kwa moyo mkunjufu kuliko kwingine kote? Ni Little League, shirika la michezo ya watoto lililoanzishwa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, na ambalo lilianzisha softiboli ya wasichana mwaka 1974. Hapa ningependa tukae kidogo, maana kanuni zao zimeandikwa na watu waliokumbuka kwamba mtoto haendeshi gari. Akichelewa, mara nyingi kosa ni la mtu mzima.

Kanuni yao inasema mchezaji aliyemo kwenye orodha ya timu akifika baada ya mechi kuanza anaweza kuingizwa kwenye kikosi kocha akitaka. Tazama tofauti: USA Softball humlazimisha kocha, Little League humwachia uamuzi. Na wanaongeza jambo ambalo wengi hulipita wakisoma: ruhusa hiyo ipo hata kama mechi ilisimamishwa, kwa mvua au giza, ikaja kumaliziwa siku nyingine. Mtoto aliyekuwa mgonjwa siku ya kwanza anaweza kucheza sehemu iliyobaki.

Ligi nyingi za watoto chini ya Little League hutumia foleni endelevu, yaani watoto wote waliofika hupiga kwa zamu, wawe tisa au kumi na wanne, hata kama wanaolinda uwanjani ni tisa tu. Katika mtindo huo anayechelewa huongezwa mkiani mwa foleni kama ilivyo wakati huo. Hamrukii mtu. Hampokonyi zamu aliyefika mapema akapasha misuli. Na mtoto akiugua au akilazimika kuondoka, foleni humruka bila auti yoyote. Hakuna adhabu ya pengo.

Mimi naiona hii kuwa ndiyo kanuni bora kabisa kuhusu wachelewaji katika michezo yote ya timu ninayoifahamu. Aliyewahi amepata alichostahili kwa kuwahi, yaani namba ya juu kwenye foleni na pengine zamu moja zaidi ya kupiga. Aliyechelewa amepoteza kitu, ila hajapoteza mchezo. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake.

Je, wajua kwamba Little League pia inamlinda mtoto asiishie benchi? Mahali ambapo foleni endelevu haitumiki, kila mchezaji aliyekuwepo mechi ilipoanza lazima alinde kwa auti 6 na apige angalau mara moja katika mechi.

Na je, timu ya watoto ikishindwa kufikisha wachezaji tisa kabla ya mechi? Katika mashindano ya watu wazima, timu isiyofikisha hata kiwango cha chini hupoteza mechi. Little League hawataki kuiangamiza timu palepale uwanjani. Suala hupelekwa kwenye bodi ya ligi ikaamue kwa utulivu. Ikiwa upungufu umetokea katikati ya mechi kwa majeraha, na wa akiba wote wameshatumika, kocha wa timu pinzani ndiye anayechagua ni mchezaji gani aliyekwishatoka arudi kujaza pengo. Fikiria hilo: mpinzani wako anakuchagulia mchezaji. Bila shaka hatakuchagulia aliye bora, lakini watoto kumi na wanane wanaendelea kucheza.

Je, wajua kwamba ligi za burudani za watu wazima, zile za jioni baada ya kazi, mara nyingi hujitungia kanuni zao kuhusu wachelewaji? Mtindo ulioenea ni huu: anayekuja huongezwa mwishoni mwa foleni, mradi foleni haijazunguka mara moja. Mpigaji wa kwanza akisharudi kupiga mara ya pili, orodha imefungwa. Tena ni mpaka mzuri kwa sababu hauhitaji saa. Kila mtu uwanjani ameuona.

Ligi hizohizo ndizo zenye timu mseto, wanaume watano na wanawake watano, wakipishana katika zamu ya kupiga. Hapo mchelewaji mmoja anaweza kuharibu mpangilio wote, kwa kuwa nafasi ya mwanamke haijazwi na mwanamume. Makocha wa timu mseto huhesabu wanawake waliofika kabla hawajahesabu kitu kingine chochote.

Je, wajua kwamba kuondoka mapema ni kosa zito kuliko kuchelewa kufika? Kwa USA Softball, timu ikibaki pungufu kwa sababu mchezaji kaondoka na hakuna wa kumbadilisha, aliyeondoka harudi tena mechi hiyo. Ikiwa aliondoka akiwa mkimbiaji kwenye besi, anahesabiwa auti hata kama alikuwa amefika besi salama. Waliotolewa kwa sababu ya kutokwa na damu ndio pekee wanaoruhusiwa kurudi. Usisahau pia kwamba kanuni ya kucheza pungufu imewekwa kwa wenye udhuru. Aliyefukuzwa na mwamuzi kwa utovu wa nidhamu hakuandikiwa huruma hiyo.

Je, wajua kwamba katika softiboli aliyetolewa anaweza kurudi? Hili linaitofautisha na besiboli ya Ligi Kuu, ambako ukitoka umetoka. Mchezaji wa kikosi cha kwanza wa softiboli anaruhusiwa kutolewa na kurudi mara moja, sharti arudi kwenye namba ileile ya foleni aliyoanza nayo. Kuhusu wa akiba aliyeingia kisha akatolewa, vitabu vinatofautiana, kwa hiyo kocha lazima ajue kinachotumika siku hiyo.

Kanuni hii iliamua jinsi fainali ya Olimpiki ya Tokyo ilivyomalizika. Ilikuwa tarehe 27 Julai 2021, kwenye uwanja wa Yokohama, Japani dhidi ya Marekani. Yukiko Ueno, mrushaji aliyekuwa ametimiza miaka 39 siku chache kabla, alianza mechi na kuibeba mpaka awamu ya sita. Hapo akatolewa, akaingia Miu Goto, kijana. Marekani wakapata nafasi: Amanda Chidester alipiga mpira mkali ulioruka kuelekea besi ya tatu, ukamgonga mlinzi Yu Yamamoto mkononi, ukadunda hewani, na Mana Atsumi akaudaka kabla haujagusa ardhi, kisha akautupa besi ya pili kukamilisha auti mbili kwa pigo moja. Kwenye awamu ya saba, Ueno akarudi uwanjani. Kanuni ilimruhusu kwa sababu alikuwa wa kikosi cha kwanza na hakuwa ametumia nafasi yake ya kurudi. Akafunga kazi, Japani wakashinda 2-0.

Huyu ndiye Ueno aliyerusha mipira 413 katika siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, katika mechi tatu, ya mwisho ikiwa fainali waliyowafunga Wamarekani haohao 3-1.

Je, wajua sasa jinsi kurudi huku kunavyomsaidia mchelewaji? Kocha anaweza kuanza na mchezaji aliyepo, kisha mchelewaji akaingia kuchukua nafasi yake, na mambo yakienda vibaya yule wa kwanza akarudi. Lakini mwenye faida ya kurudi ni aliyeanza, si aliyekuja baadaye. Ndiyo maana makocha hutamani kumwandika nyota wao kwenye kikosi cha kwanza hata kama bado yuko njiani. Kanuni nyingi zimelikataza hilo: anayeandikwa kuanza awe ameshafika na amevaa sare.

Je, wajua kuhusu mpigaji mteule na mwenzake anayeitwa fleksi? Katika softiboli ya kasi, kocha anaweza kuandika watu 10 badala ya 9. Mmoja hupiga tu, na fleksi hulinda tu, jina lake likiandikwa namba ya kumi chini ya foleni. Wawili hawa wanaweza kubadilishana majukumu kwa namna ambayo besiboli haijui: fleksi anaweza kumpigia mteule, na mteule anaweza kwenda kulinda mahali popote. Kwa timu yenye mchelewaji huu ni mtego. Ukitangaza kwamba utatumia mfumo huu, umejifunga kuwa na watu 10, na mmoja asipofika umeshaanza mechi ukiwa pungufu ilhali ungeweza kuanza na tisa kamili. Kocha mwenye mashaka juu ya basi la mchezaji wake aandike tisa.

Je, wajua kwamba mchelewaji ana matumizi ambayo aliyekwishaingia kwenye mechi hana? Kanuni za softiboli ya kasi za Marekani huruhusu mrushaji au mdakaji akifika kwenye besi akimbiliwe na mtu mwingine, ili apumzike au avae vifaa vyake. Anayekimbia lazima awe mtu ambaye bado hajaingia kwenye mechi. Binti aliyefika dakika mbili zilizopita, miguu bado mibichi, ndiye anayefaa.

Je, wajua kwamba mwaka 1982 mchezaji mmoja wa besiboli alichezea timu mbili, katika miji miwili, siku moja? Joel Youngblood alianza tarehe 4 Agosti mchana akiwa na New York Mets mjini Chicago. Akapiga vizuri dhidi ya mrushaji Ferguson Jenkins, kisha akaambiwa katikati ya mechi kwamba ameuzwa kwa Montreal Expos, ambao usiku huo walikuwa wanacheza Philadelphia. Akaondoka mbio, akagundua ameacha glovu yake uwanjani, akarudi kuichukua, ndipo akaenda kupanda ndege. Alifika Philadelphia mechi ikiendelea, akaingizwa, akapiga tena vizuri dhidi ya Steve Carlton. Jenkins na Carlton wote wawili wamo katika Jumba la Heshima la besiboli.

Kanuni ya besiboli iko wazi kuhusu mchezaji anayeingia bila kuandikwa kabla ya mechi. Kifungu cha 4.03 kinawataka makocha waandike majina ya wa akiba kama adabu tu, na kinasema kinagaubaga kwamba kutoandikwa hakumfanyi mchezaji akose haki ya kuingia.

Na je, wajua kuhusu mchelewaji aliyechelewa miezi miwili? Danny Jansen alikuwa akipiga kwa Toronto Blue Jays mjini Boston tarehe 26 Juni 2024 mvua ilipokatisha mechi. Mwezi uliofuata akauzwa kwa Boston Red Sox, wapinzani haohao. Mechi ilipoendelezwa tarehe 26 Agosti, Daulton Varsho alisimama kumalizia zamu ya Jansen upande wa Toronto, na aliyechuchumaa nyuma yake kudaka mipira kwa niaba ya Boston alikuwa Jansen mwenyewe. Hajawahi kutokea mwingine katika Ligi Kuu aliyechezea timu zote mbili katika mechi moja. Aliruhusiwa kwa sababu kanuni humkubali mchezaji ambaye hakuwa katika klabu hiyo siku mechi ilipokatika aingie kama wa akiba siku ya kuimalizia.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina kisa chake cha wachezaji walioshinda haki ya kucheza lakini hawakufika? Mwaka 2011 vijana wa Kampala waliishinda Dhahran ya Saudi Arabia kwenye mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, na kufuzu kwenda fainali za dunia za besiboli za Little League, Williamsport. Walinyimwa viza za Marekani kwa sababu ya hitilafu katika nyaraka, na nafasi yao ikachukuliwa na Dhahran haohao. Januari iliyofuata, vijana wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao kule Williamsport, walifunga safari mpaka Uganda wakacheza nao. Na mwaka huo wa 2012, timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo, ikawafunga Gresham ya Oregon 3-2. Kati ya visa vyote nilivyotaja hapa, hiki ndicho kinachonigusa zaidi. Hakuna kanuni ya foleni ya wapigaji ingeweza kuwasaidia vijana wale wa 2011, maana mlango uliofungwa haukuwa wa uwanja.

Je, wajua kwamba softiboli yenyewe ilizaliwa watu wakiwa wanasubiri? Siku ya Shukrani mwaka 1887, katika klabu ya makasia ya Farragut mjini Chicago, vijana walikuwa wanasubiri matokeo ya mechi ya Yale na Harvard. Habari ilipofika kwamba Yale wameshinda, mmoja akamtupia mwenzake glovu ya ndondi, naye akaipiga kwa fimbo. George Hancock akaifunga glovu ile ikawa kama mpira, akachora uwanja ndani ya ukumbi, wakacheza mpaka 41-40. Miaka minane baadaye, mzimamoto Lewis Rober wa Minneapolis alibuni mchezo kama huo ili wenzake wapate mazoezi wakati wakingoja kengele ya moto. Jina la softiboli lilikuja mwaka 1926, likipendekezwa na Walter Hakanson wa YMCA.

Je, wajua kwamba mechi isiyochezwa kwa sababu timu haikufikisha watu huandikwa 7-0? Ni mkimbio mmoja kwa kila awamu. Besiboli, yenye awamu tisa, huandika 9-0.



Je, wajua mchelewaji afanye nini hasa akifika? Asikimbilie uwanjani. Aende kwa kocha wake, akiwa amevaa sare yenye namba. Kocha asubiri mpira usimame, amfuate mwamuzi aliye nyuma ya mdakaji, amtajie jina, namba ya mgongoni na nafasi katika foleni. Mwamuzi huandika kwenye karatasi yake, kisha humjulisha mtunza hesabu na timu pinzani. Namba ya mgongoni ikiwa imeandikwa vibaya husahihishwa bila adhabu. Jina lenyewe na nafasi yake ndivyo vya kuchunga. Katika besiboli, hata kama hakuna aliyetangaza lolote, mara mchezaji anapokanyaga kisanduku cha kupigia amehesabika kuwa ameingia, na aliyekuwa na nafasi hiyo ametoka.